Ndama Hajatimiza Miaka Kumi na Minane

Kopo la filamu lilirudi kutoka Dar es Salaam kwa basi, utepe mwekundu umezungushwa kwenye kifuniko na kugandishwa kwa lakiri, na Aikande alilipakata kutoka stendi ya Moshi mpaka chuoni, upande wa Rau, kama mtu aliyepakata kichanga. Alikuwa amelisubiri mno. Alipolipeleka likasafishwe alikuwa mwanachuo mgeni ambaye hata bwenini alikuwa akipotea. Sasa alikuwa karibu kumaliza ualimu, na wenzake walishachoka kumwuliza habari za sinema yake.

Sinema yenyewe ilikuwa kazi ya masomo. Mwalimu wake, Elifuraha, aliachiwa kamera na wamisionari waliorudi kwao, akawataka wanachuo wake wajaribu kutengeneza picha fupi za kuelimisha wananchi. Wengine walipiga picha za uchumaji wa kahawa, wengine za gwaride. Aikande alipanda Marangu kwa bibi yake, Tabitha, akapiga picha za ng'ombe akizaa. Ng'ombe huyo aliitwa Jumatano, kwa kuwa alinunuliwa siku ya Jumatano. Ndama alikuja vibaya, ametanguliza miguu ya nyuma, na Bibi Tabitha, kilemba kimemkaa upande na mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, alimvuta akamtoa mzima. Aikande hakuacha kuzungusha kamera hata alipokuwa analia. Picha haikuwa na sauti. Yeye mwenyewe angesimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea na kueleza. Aliipa jina "Jumatano Anazaa".

Tangu hapo Jumatano alikuwa amekufa. Masika yaliyopita alikula majani mabichi yenye umande, akavimbiwa, na kufikia jioni hakuwapo. Bibi Tabitha hakusema mengi msibani kwa ng'ombe wake, lakini kila mtu aliyeshuka mjini kutoka Marangu alipewa ujumbe ule ule: mwulizeni Aikande kama picha ya Jumatano imefika.

Sasa ilikuwa imefika, na Aikande alikuwa tayari ameushika utepe autoe, Mwalimu Elifuraha alipompiga kofi dogo mkononi.

"Soma kwanza," alisema.

Chini ya jina la filamu palikuwa na maandishi ya mhuri: *Filamu isiyo na daraja la umri isionyeshwe kwa mtu yeyote.*

"Lakini mwalimu, mimi ndiye niliyeipiga."

"Wewe siyo mtu?"

Aikande akakubali kwamba ni mtu.

"Basi nenda kwenye kamati. Watagonga mhuri, 'kwa wote', utarudi kabla chai haijapoa."

Kamati ya kupanga madaraja ilikutana mjini, kwenye chumba kilichokuwa na meza ndefu, viti na ramani ya mkoa. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Ndelilio, mtu mnadhifu wa suti ya Kaunda, aliyekaa na mkoba wake wa ngozi miguuni kama mtu anayeogopa kuibiwa ofisini kwake mwenyewe. Kushoto kwake alikaa Mama Epifania, mwakilishi wa akina mama, mnene na mchangamfu, na kulia kwake mwinjilisti mstaafu, Mzee Aminieli, aliyekuwa na desturi ya kufumba macho akisikiliza, hata watu wasijue kama anaomba au amelala.

Aikande aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, akaweka kopo mezani.

"Mashine ya sinema iko kwenye gari la chuo, Ndugu Mwenyekiti. Tukifunga madirisha, tunaweza kuitazama sasa hivi."

Ndugu Ndelilio alivuta miwani chini. "Kuitazama?"

"Ndiyo, ili mpange daraja."

"Binti, hii ina daraja?"

"Bado."

"Na isiyo na daraja isionyeshwe kwa nani?"

"Kwa mtu yeyote."

"Haya." Akajigusa kifua. "Mimi ni mtu yeyote. Mama Epifania naye ni mtu yeyote. Mzee Aminieli hapa, pamoja na heshima zake zote, ni mtu yeyote."

Mzee Aminieli alifumbua macho, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Sasa nyingine mlizipangaje?" Aikande aliuliza.

"Hii ndiyo ya kwanza," alisema Ndugu Ndelilio, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na wasiwasi kidogo. "Tueleze kwa mdomo."

Aikande akaeleza. Hakufika mbali. Aliposema "Jumatano anazaa," Mzee Aminieli aliuliza ni Jumatano ya wiki gani. Alipofafanua kwamba Jumatano ni ng'ombe, na kwamba alizaa Jumamosi, Ndugu Ndelilio alifuta alichoandika akaanza upya. Mzee Aminieli akataka kujua kama dume anaonekana popote kwenye picha. Hapana, haonekani. Basi baba wa ndama ni nani? Aikande hakujua, dume lilikuwa la jirani. Mzee akafumba macho tena, na safari hii ilikuwa wazi kwamba anaomba.

"Na huyu ng'ombe," Ndugu Ndelilio aliuliza, kalamu juu ya karatasi, "amefunikwa chochote?"

"Ni ng'ombe, Ndugu Mwenyekiti."

"Nimesikia. Nauliza amefunikwa?"

"Hajafunikwa."

Kalamu ikaandika.

Mama Epifania alikuwa anajigeuzageuza kitini. "Maneno hayatoshi," alisema mwishowe. "Mimi nataka kuona. Mwanangu, ng'ombe alikaaje? Alisimama au alilala?"

"Alisimama kwanza, halafu akapiga magoti ya mbele."

"Hivi?"

"Hapana mama. Hivi." Na kabla hajajiuliza anafanya nini, Aikande alikuwa amevua viatu, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji mbele ya kamati, viganja chini, shingo imenyooka. Alikulia bandani na ng'ombe, hakuhitaji kufikiri. Alihema kwa puani. Alizungusha kichwa kutazama ubavu wake kama ng'ombe anavyofanya uchungu ukimshika, akatoa mlio mrefu wa chini uliofanya karani wa chumba cha pili aache kupiga taipu.

"Maskini," alisema Mama Epifania, na alikuwa ameshainuka.

"Hapo bibi anaingia," Aikande alisema, akihema. "Anaona kwato zimegeuka juu. Anajua ndama amekuja kinyume."

"Ndama yuko wapi?"

"Hapa hakuna ndama, mama."

"Bila ndama nitavuta nini?" Mama Epifania alitupa macho huku na huku, akaunyakua mkoba wa Ndugu Ndelilio, akaupenyeza kati ya miguu ya kiti kilichokuwa nyuma ya Aikande, mikanda yake miwili ikining'inia kama miguu.

"Mama Epifania, mkoba huo una nyaraka!"

"Una miguu ya nyuma! Shika kiti hicho!"

Mwenyekiti, ama kwa kuuokoa mkoba wake ama kwa kuwa sauti ile haikuruhusu ubishi, alishika kiti. Mkoba ulikuwa umenasa kwenye mbao. Aikande alilia kama Jumatano alivyolia. "Usivute juu," alisema kati ya kilio na kilio, "vuta kuelekea chini, ukimfuata anaposukuma, na ukishafika kiunoni usisite hata kidogo, asije akavuta pumzi akiwa ndani!" Mama Epifania aliweka mguu ukutani. Mzee Aminieli alikuwa amesimama, mikono imeinuliwa, akisema "Bwana, Bwana." Mkoba ukachomoka wote kwa mara moja, Mama Epifania akakaa chini kwa kishindo, karatasi zikamwagika, na kila mtu chumbani akautazama mkoba kama unaotarajiwa kupumua.

"Ni jike," alisema Aikande.

Mama Epifania alifuta machozi kwa upindo wa khanga. Ndugu Ndelilio alirudi kitini polepole, akajifuta jasho.

"Miaka kumi na minane na kuendelea," alisema.

Aikande, bado yuko sakafuni, hakuamini masikio yake. "Ndugu Mwenyekiti! Kule kwetu watoto wote wameona ng'ombe akizaa. Ng'ombe wetu wanakaa mle mle tunamolala. Mtoto ndiye anayetumwa kuleta maji ya moto!"

"Nyumbani ni nyumbani. Hiki ulichofanya hapa hakiwezi kuonwa na mtoto. Mimi mwenyewe sijui kama leo nitakula."

"Kwenye filamu siyo mimi, ni ng'ombe!"

"Filamu hatujaiona," alisema Ndugu Ndelilio kwa upole. "Tunapanga tulichokiona."

Mzee Aminieli alipendekeza miaka thelathini, na awe na ndoa. Mama Epifania alitaka waruhusiwe wote waliowahi kuzaa, bila kujali umri. Wakarudi kwenye kumi na minane, na Ndugu Ndelilio alikuwa ameshapulizia mhuri pumzi ili wino ulainike, mkono wake ulipoganda hewani.

"Huyo ndama. Anaonekana kwenye picha?"

"Ndiyo mwisho wake mzuri, Ndugu Mwenyekiti."

"Ana umri gani mle?"

"Mle? Ndiyo kwanza amezaliwa."

Mhuri ulirudi mezani. "Basi haiwezekani. Filamu ya watu wazima, ndani yake yumo mtoto mchanga, tena bila nguo. Mtoe."

"Nikimtoa ndama, Jumatano atazaa nini?"

Ni Mwalimu Elifuraha, aliyeitwa kutoka garini kusaidia, aliyeona njia. Alikuwa mtu mpole, asiyepigana na serikali hata kwa mawazo, na kwa sababu hiyo alikuwa ameshajifunza kuifuata mpaka inapochoka. Aliuliza kama kamati inahesabu umri wa ndama wakati wa kupiga picha au wakati wa kuionyesha. Kamati haikuwa imefikiria. Basi, alisema, ndama yule sasa ni mtamba mkubwa. Na kama kwa ng'ombe ameshakuwa mtu mzima, si anaweza kutoa ridhaa ya picha zake za utotoni?

Ndugu Ndelilio alifunika kalamu yake. "Lazima tumwone," alisema.

Ndivyo kamati nzima ilivyopanda Marangu kwa gari la chuo, kushuka kwenye njia ya matope na kupita chini ya migomba mpaka kwa Bibi Tabitha, ambaye alikuwa anamenya ndizi za mtori mlangoni. Aliona suti, akaona mkoba, akadhani wamekuja kuhesabu mibuni.

"Tumekuja kumwona ndama, mama," alisema Ndugu Ndelilio baada ya salamu. "Anaitwa nani?"

"Alhamisi."

Ndugu Ndelilio alifumba macho kwa kitambo, kisha akaandika.

Alhamisi alitolewa bandani. Alikuwa mrefu, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji kama mama yake, na alikuwa na mimba iliyojaa kiasi kwamba tumbo lilimtangulia mlangoni. Kamati ilimzunguka. Mama Epifania alimpapasa ubavu kwa utaalamu wa mtu aliyeshasaidia kuzalisha mkoba. Mzee Aminieli aliuliza taratibu kama huyu naye ni wa dume la jirani, akaambiwa ndiyo, lile lile, akapumua kwa masikitiko.

"Kwa mimba hii," alisema Mama Epifania, "huyu si mtoto. Huyu ni mama mwenzangu."

Hoja ikapita. Ndugu Ndelilio aliegemeza karatasi kwenye mgongo wa Alhamisi, akagonga mhuri, na ng'ombe hakutikisika. Bibi Tabitha aliwaletea maziwa mgando kwenye kibuyu na mbege, pombe ya ndizi, kwa watakaopenda. Alipoona wameridhika, alimvuta mjukuu wake kando.

"Wamesema nini?"

"Wamekubali, Bibi. Lakini watoto hawataruhusiwa kuona."

"Watoto wanaye Alhamisi. Mimi nitamwona Jumatano?"

"Utamwona."

Bibi alitazama banda, akasema kwamba atatafuta kilemba kizuri cha kwendea.

Onyesho lilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi na majani ya migomba. Tangazo la "watu wazima tu" lilikuwa limefanya kazi ambayo hakuna mkutano wa kijiji uliowahi kuifanya. Watu walitoka Mwika, walitoka Kilema; wazee ambao hawakutoka nyumbani tangu Uhuru waliletwa wameshikwa mikono. Mlangoni Ndugu Ndelilio mwenyewe alikagua umri, na alimzuia mwanamke mmoja mfupi kwa muda mrefu mpaka wajukuu zake walipoitwa kumtambua. Bibi Tabitha alikaa mbele kabisa, amevaa kilemba cha kitambaa cha sikukuu. Watoto walizingira shule kama siafu, wakatolewa uani na Mama Epifania kwa fimbo.

Utepe ulikatwa mbele ya wote. Mwalimu Elifuraha aliivisha filamu kwenye mashine, jenereta likakohoa, kitambaa kikawa cheupe. Aikande alisimama kando, maelezo yake ameyashika kichwani.

Akatokea mwanamume mwenye jembe.

Alisimama kwenye uwanja mkavu, mahali pasipo na mgomba hata mmoja, akaelekeza kidole chini. Akaanza kuchimba. Alichimba kwa muda. Wakaja wengine wawili, wakapima shimo kwa kamba, wakatabasamu. Yakaletwa magogo.

Aikande alimtazama Mwalimu Elifuraha. Mwalimu alilitazama kopo, akaligeuza, akaligeuza tena. Kuna mtu Dar alikuwa ameyachanganya makopo, na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kufungua, hakuna aliyejua.

Lakini ukumbini hakuna aliyetikisika. Watu wazima wale walikuwa wameambiwa kuna jambo, na walilitafuta kwa bidii. Wanaume walipokita nguzo, mzee mmoja alikohoa kwa aibu akatazama pembeni. Mlango wa majani ulipofunguliwa na kufungwa, wanawake wa nyuma walishika midomo. Na mtu mmoja kwenye picha alipoingia chooni na mlango ukafungwa nyuma yake, darasa zima lilivuta pumzi, na Mzee Aminieli akasimama akatoka nje.

Taa ilipowashwa, watu waliondoka kimya kimya, wakiepuka kutazamana.

Bibi Tabitha alibaki kwenye dawati. "Jumatano anakuja baadaye?" aliuliza.

Aikande alipiga magoti mbele yake, akatikisa kichwa. Bibi alielewa. Alikigusa kilemba chake cha sikukuu, akasema shimo lile lilikuwa limechimbwa vizuri, kosa si la shimo. Hapo ndipo Aikande alipolia.

Mwalimu Elifuraha aliandika Dar. Wakamjibu kwamba kumbukumbu zao ni sahihi na filamu ya Jumatano ilipokelewa Moshi. Alikwenda kwa Ndugu Ndelilio kuomba filamu ya choo ibadilishwe daraja, maana shule zilikuwa zinaihitaji. Ndugu Ndelilio alisikitika kweli, lakini daraja lilikwisha kutolewa. Kwa hiyo wilayani pakawa na sinema moja ya kuchimba choo, na mtoto asiruhusiwe kuiona.

Kiangazi kikaingia. Siku moja jioni gari la afya, linalozunguka mikoani, likapanda Marangu na mashine yake ya sinema na bwana afya mmoja mgeni aitwaye Athanas, mwembamba, mwenye sauti kubwa. Kopo lake liliandikwa "Choo Bora", na chini yake mhuri wa mkoa mwingine: kwa wote. Watoto wa shule waliamriwa kuhudhuria. Ndugu Ndelilio alikuja kufungua onyesho kwa niaba ya wilaya. Aikande alikuwa Marangu siku hizo, anasubiri matokeo, akaenda tu kwa sababu Bibi Tabitha alitaka kuona kama shimo ni lile lile.

Bwana Athanas aliipa mgongo shuka nyeupe ya kuonyeshea, akawatazama wananchi. Alikuwa ametoa hotuba ile vijijini tangu mwanzo wa mwaka, akaikariri, wala hakuwa na sababu ya kugeuka.

"Kwanza," alianza, mashine ilipolia, "tunachagua mahali panapofaa!"

Jumatano akatokea kwenye shuka, mkubwa kuliko alivyokuwa hai, doa jeupe kwenye paji, akigeuza kichwa kutazama ubavu wake.

Watoto walipiga kelele kwa furaha. Aikande alishika mkono wa bibi yake, na mkono ule ulikuwa umekakamaa kama mti.

"Pasiwe karibu na maji!" alinguruma Bwana Athanas. "Pili, tunaanza kuchimba, na tusione uvivu!"

Bibi Tabitha wa kwenye picha alikunja mikono ya gauni.

"Shimo liwe refu! Tukishafika chini tusisite!"

Mwalimu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi kwa kicheko. Aikande alimwona Ndugu Ndelilio akiinuka, uso umekauka, akienda kwenye gari. Akadhani anakwenda kuzima mashine. Mwenyekiti alilichukua kopo tupu, akalisogeza kwenye mwanga, akasoma jina, akasoma mhuri. Alitazama shuka, akawatazama watoto, akalitazama kopo tena. Kisha akalirudisha mahali pake taratibu kama alivyolikuta.

"Ni choo," alimwambia Aikande alipopita karibu yake, akaketi kutazama mpaka mwisho.

"Na hatimaye, ndugu wananchi," Bwana Athanas aliinua mikono, "choo chetu kiko tayari, na familia nzima inakifurahia!"

Ndama akamwagika kwenye majani, akatikisa masikio.

"Baba," Bibi Tabitha aliita kutoka mbele, kwa sauti ya mama anayemtuliza mtoto wa mwenzake, "hebu nyamaza kidogo. Namwangalia ng'ombe wangu."

Bwana Athanas alinyamaza, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze akaona alichokuwa akionyesha. Wote, hata watoto, walisogea mbele wakati Jumatano akimlamba ndama wake kuanzia puani mpaka mkiani. Bibi Tabitha alikuwa anaongea naye kwa Kichagga, chini chini, maneno yale aliyokuwa akimwambia wakati wa kukamua. Kisha akamgeukia mjukuu wake, macho yamelowa.

"Mbona hukuniambia kilemba kimekaa upande?"

"Bibi, ulikuwa unavuta."

"Hata hivyo."

Matokeo yalipotoka, Aikande alikuwa amefaulu vizuri sana, ila chuoni kazi yake ya sinema ilikuwa imeingizwa kwa jina lililokuwa kwenye picha iliyoonyeshwa, yaani uchimbaji wa vyoo. Kwa sifa hiyo alipelekwa Rombo, kwenye shule mpya iliyokuwa haina hata choo kimoja, akakabidhiwa jembe, kamba ya kupimia na wanafunzi wa darasa la sita. Alijaribu kueleza, mwalimu mkuu alimwonyesha karatasi. Basi akachagua mahali pasipo karibu na maji, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuchimba.